Dawa Tuitumiayo Leo Ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Neno hili twalisema aghalabu kwa mzaha, mtu anapojisifu kwa karamu iliyokwisha, na sasa tumbo lake ni tupu. Kwa habari ya ugali na mchuzi ni kweli: aliyeshiba jana hana la kujivunia leo. Walakini yako mambo ambayo mla wa jana alikula kweli, tena alikula katika sahani ya mla wa leo, wala hapana aliyemwona akipeleka mkono. Mojawapo ni dawa. Sisemi dawa zote; maana dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa, ukiimeza wewe, haimpunguzii jirani yako kitu, na yake ingali na nguvu ile ile. Nasema dawa zile ziuazo vijidudu vya maradhi, kama penisilini, ampisilini, septrini, jentamaisini na seftriaksoni, ambazo wataalamu waziita antibiotiki. Hizi zina tabia ya peke yake. Kadiri zinavyotumika, nguvu zake hupungua kidogo kidogo, si kwa aliyezitumia tu, bali kwa watu wote. Basi hapo lazuka swali lifaalo kutafakariwa na kila mwenye nyumba: nikimeza dawa ya namna hii, hata kama nimeilipia fedha yangu, je, nimetumia mali yangu, au nimechota katika akiba ya watu? Na kama nimechota, deni hilo nalilipaje?

Kabla ya kujibu, yafaa tuondoe fikira moja isiyo sahihi, nayo imeenea sana. Mgonjwa akitumia dawa asipone, husema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Kumbe mwili haukuzoea kitu. Kilichobadilika ni kijidudu chenyewe. Vijidudu viitwavyo bakteria ni vidogo mno, havionekani kwa macho, navyo huzaana kwa kugawanyika: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Vingine, vikipata joto na chakula, hugawanyika kila dakika 20. Kijidudu kimoja cha namna hiyo kikianza saa mbili za usiku, ifikapo saa kumi za alfajiri chaweza kuwa na wazao zaidi ya 16,000,000. Katika jamii kubwa hivyo havikosi vichache vilivyozaliwa na hitilafu, na mara nyingine hitilafu hiyo huwa ndiyo ngao yao: hiki chaweza kuivunja dawa, hiki chaweza kuitapika, hiki kimeufunga mlango ambao dawa ilikuwa ikiingilia. Dawa ikija, vilivyo dhaifu hufa, na hivyo vichache hubaki, vikapata nafasi yote, kama magugu yapatavyo shamba mahindi yakiisha kufa kwa jua. La ajabu zaidi, vijidudu hivi hupeana ngao zao. Kimoja hukipa kingine kipande kidogo cha urithi wake, hata kama si wa kabila moja, kama mwizi ampavyo mwizi mwenziwe ufunguo wa bandia.

Msomaji aitazame vema tofauti iliyopo. Kama mwili ndio unaozoea dawa, hasara ingekuwa ya mwenye mwili, naye angekuwa na haki ya kusema, "Niacheni, mwili ni wangu." Lakini kijidudu sugu hakikai kwa mtu mmoja. Hutoka kwa mkono, kwa choo, kwa maji, kwa shuka, kwa chombo kisichochemshwa vizuri, kikamwingia mtoto mchanga ambaye tangu azaliwe hajameza dawa hata tone. Hapo neno la mwili wangu limekwisha kuwa neno la watu.

Sisi wa pande za Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1902 Wadachi walianzisha Amani, juu ya milima ya Usambara ya mashariki, chuo cha kuchunguza mimea, na miti ya kwinini ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoipanda. Wakati wa vita iliyoanza 1914, meli zisipoweza kuleta dawa kutoka Ulaya, magome ya miti hiyo yalitumika kutengeneza dawa ya homa. Baada ya 1950 Amani pakawa makao ya uchunguzi wa malaria, na hata leo jina lake limo katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ingawa makao yake yamekwisha kuteremka Muheza. Basi huko bondeni, katika kijiji cha Mkuzi, mnamo miaka ya 1950, watu waligawiwa dawa iitwayo pirimethamini ili kuwakinga na malaria. Mwanzoni ilifaa sana, na mtu angedhani homa imepata bwana wake. Muda haukuwa mrefu, vimelea visivyoijali dawa ile vikaonekana katika damu ya watu, na daktari David Clyde, mmoja wa waliochunguza habari hiyo, akaiandika isomwe na wataalamu wa nchi nyingine.

Ni kweli kwamba kimelea cha malaria si bakteria, tena huchukuliwa na mbu wala si kwa mikono. Lakini kanuni ni ile ile, na nchi nzima imekwisha kuionja. Wazee waikumbuka klorokwini na mwasho wake. Mwaka 2001 serikali iliacha kuifanya dawa ya kwanza ya malaria, ikashika SP. SP nayo haikudumu, na kuanzia mwishoni mwa 2006 tukapewa dawa ya mseto. Kila mara tulipohama, nyumba mpya ilikuwa na kodi kubwa kuliko ya kwanza. Hata hivyo tulikuwa na bahati, maana ilikuwapo nyumba ya kuhamia. Kwa bakteria wengi wa hospitali nyumba hizo ni chache, na katika hospitali nyingi za wilaya dawa ya akiba, kijidudu kikiisha kuishinda seftriaksoni, aidha haipo kabisa, aidha bei yake haisemeki mbele ya mkulima.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini jambo hili liwe baya zaidi hospitalini, mahali palipojengwa kwa ajili ya kuponya? Sababu yenyewe si fumbo. Hospitalini ndiko wagonjwa walipokusanywa, ndiko dawa zinapotumika kwa wingi, na ndiko miili imefunguliwa milango: kidonda cha upasuaji, sindano iliyofungwa mkononi, mpira wa mkojo, kitovu cha mtoto aliyezaliwa jana. Sasa waza wodi ambayo wazazi wawili hulala kitanda kimoja, muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi kupita kiasi, na bomba limekauka tangu asubuhi. Muuguzi huyo atoke kwa mtoto huyu aende kwa yule, atoke kwa yule aende kwa huyu, usiku kucha, na kila mara anawe kwa maji gani? Kijidudu hakihitaji mabawa. Mkono wa huruma wakibeba.

Nayo matokeo yamepimwa. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, tangu Agosti 2001 hata Agosti 2002, wachunguzi waliotesha damu ya watoto waliolazwa, ili waone kilichomo. Katika kila watoto 100 walioonekana kuwa na bakteria wa kundi lile ambalo jamaa zake wengi hukaa matumboni, walikufa kama 43. Na katika kila 100 wenye malaria walikufa kama 20. Watu walizoea kuiona malaria kuwa ndiyo simba wa watoto. Kumbe alikuwako mwingine mkali mara mbili yake, ila hakuwa na jina vijijini. Tena waliopewa dawa ambayo kijidudu kilikuwa kimekwisha kuishinda walikuwa katika hatari zaidi ya kufa. Huku kwetu, katika Hospitali Teule ya Muheza, mwaka 2006 na 2007, walichunguzwa watoto zaidi ya 3,600 waliolazwa kwa homa. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na bakteria katika damu, na dalili za nje hazikutosha kuwatambulisha wote. Wengine wakaonekana kama wagonjwa wa malaria tu, wengine walikuwa na vijidudu visivyouawa na dawa zilizoagizwa kutolewa kwanza.

Hayo yalijulikana kwa sababu wachunguzi walikuwako pamoja na vyombo vyao. Sasa mfikirie daktari wa hospitali ndogo isiyo na vyombo hivyo. Ni usiku, mtoto amekuja mgongoni, kichwa kinawaka moto, apumua kwa haraka, hanyonyi. Kuotesha damu, hata pale inapowezekana, huchukua siku mbili au tatu, naye mtoto hana siku tatu. Daktari ana dawa nyepesi, ambayo labda imekwisha kushindwa, na ana moja kali kabatini. Akimpa ile kali, yawezekana mtoto hakuihitaji, na kijidudu cha wodi kimepata somo jingine. Asipompa, yawezekana asubuhi atamfunika shuka. Wengi huwalaumu madaktari kwamba hutoa dawa kali ovyo. Mimi nauliza, katika saa ile, bila taa yoyote ya kumwonyesha njia, mlaumu mwenyewe angefanya nini?

Mtu aliyegundua penisilini aliona tangu mwanzo kwamba yako mashaka mbele. Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928, na alipopokea tuzo ya Nobel huko Stockholm, Desemba 1945, aliwapa wasikilizaji wake mfano. Alisema habari za bwana mmoja wa kubuni aumwaye koo. Bwana huyu hujinunulia penisilini, humeza kidogo isiyotosha kuviua vijidudu, lakini yatosha kuvifundisha. Kisha humwambukiza mkewe. Mke ashikwa na kichomi, apewa penisilini, dawa haifai kitu, naye afa. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa kwa kifo hicho, akajibu mwenyewe kwamba ni yule bwana kwa uzembe wake. (Kijidudu kile cha koo alichokitaja Fleming, mpaka leo hakijajifunza kuishinda penisilini, waliojifunza ni wengine. Lakini mfano ni mfano.)

Nauheshimu mfano huu, ila hukumu yake hainitoshi. Bwana wa Fleming alikuwa na fedha, na duka lilikuwa karibu, na kama angemwendea daktari angempata. Tumwondoe, tumweke mahali pake mama wa kijiji cha mlimani. Zahanati imeishiwa dawa. Duka la Dawa Muhimu liko chini barabarani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mkononi ana shilingi elfu moja, na dozi yazidi hapo. Muuza duka, naye ana watoto wa kulisha, amkatia vidonge vya siku mbili. Mama huyu akirudi nyumbani na kumpa mwanawe vidonge vile, je, naye tumwambie ameua mtoto wa jirani? Mimi nasema hapana. Kosa hupimwa kwa nafasi aliyokuwa nayo mtu ya kutenda vingine. Kwa kipimo hicho, sehemu ya mama ni ndogo sana. Ya muuza duka ni kubwa kidogo, maana ameweka biashara mahali pa ushauri. Na ya hao walioacha rafu ya zahanati tupu, iwapo dawa ilinunuliwa ikaishia njiani, ni kubwa kupita zote.

Lakini kipimo hicho hicho chatukamata wengine ambao hatupendi kukamatwa. Yupo mtu mwenye nauli na kadi ya bima, mwalimu kama mimi, karani, mwenye shamba la karafuu au iliki. Ana mafua, pua yatiririka, na anataka sindano kwa sababu sindano ina heshima. Muuguzi amwambia mafua hayaui, wala hayasikii antibiotiki, kwa kuwa hayaletwi na bakteria. Yeye akasirika, asema hakupanda gari kuja kupewa maneno. Mwisho muuguzi achoka, ampa. Mwingine huweka vidonge vilivyosalia katika kopo la majani ya chai, na dada yake akiumwa tumbo humpa vitatu, kwa wema kabisa. Mwingine huwatilia kuku dawa katika maji ya kunywa kila juma, si kwa ugonjwa bali kwa hofu ya ugonjwa, na mayai huyauza siku ile ile. Hawa hawakukosa nafasi ya kutenda vingine. Wao ndio bwana wa Fleming hasa. (Juu ya dozi yenyewe, wataalamu siku hizi wanajadiliana, na baadhi ya maradhi yameonekana kupona kwa siku chache kuliko zilizodhaniwa zamani; lakini hesabu hiyo ni ya daktari, haikuachiwa kopo la chai.)

Sasa nafika penye ugumu wenyewe. Wako wasemao: ikiwa dawa kali hupungua nguvu kwa kutumiwa, basi ifungwe kabatini, itolewe kwa nadra, hata kama watoto wachache watakufa leo, ili wengi wapone kesho. Neno hili lina sura ya busara. Mfugaji hachinji mtamba kwa njaa ya siku moja, na mkulima huficha mbegu hata watoto wakilia. Kwa nini daktari asifanye vivyo hivyo?

Nimelifikiri sana neno hili, na naona mfano wa mbegu haufai hapa. Mkulima afichapo mbegu, wanaolala na njaa ni watoto wake, na wanaokula msimu ujao ni hao hao. Lakini mtoto anyimwaye dawa usiku huu hatakuwako msimu ujao. Twamtoza yeye deni, apokee mwingine. Tena tazama ni mtoto wa nani atakayetozwa. Hatakuwa mtoto wa mwenye gari, maana huyo atapelekwa Dar es Salaam, na dawa itapatikana. Atakuwa mtoto wa yule mama mwenye shilingi elfu moja. Sioni haki katika akiba inayowekwa kwa nafsi ya asiyeulizwa. Na liko jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi: mtoto wa usiku huu hana njia nyingine ila dawa hiyo, bali watoto wa mwaka ujao wana njia nyingi za kuokolewa, nasi tuna mwaka mzima wa kuzitengeneza. Basi daktari aliye mbele ya mtoto anayekufa na ampe. Deni lipo, silikani. Lakini lilipwe mahali pengine na watu wenye uwezo wa kulipa, wala lisilipwe na mgonjwa kitandani.

Atasema mtu: kila mama huona mwanawe anakufa, ukifungua mlango huo, nani atabaki nje? Ni kweli. Ndiyo maana haifai kumwachia mama peke yake kuamua, wala duka. Mtoto akoholeaye lakini apumua vizuri, anacheza na kunyonya, hana haja ya antibiotiki; wa kuharisha maji matupu ahitaji maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki. Na hapa pana kichekesho cha kusikitisha. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoletwa, kila mtu alifurahi kwamba sasa dawa ya mseto haitapotea bure. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, na yetu ikiwamo, ulionyesha kwamba dawa za malaria zilipungua kweli. Lakini wale walioambiwa hawana malaria wengi wao walipewa antibiotiki badala yake. Hatukuacha kutoa dawa bila kujua. Tulibadili chupa tu. Mganga anaona haya kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu, na mtu anaona ameonewa akirudi hivyo. Haya hii ya pande mbili imetugharimu zaidi kuliko ujinga.

Deni hulipwa kwa nini basi? Kwa sehemu kubwa hulipwa kwa mambo manyonge. Mwaka 1847, huko Vienna, miaka 81 kabla ya penisilini kuonekana, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi wengi walikuwa wakifa katika wodi iliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vikapungua mno. Wenzake wengi hawakumpenda kwa hilo. Waungwana hawakutaka kuambiwa mikono yao ni michafu. Jambo hili halijazeeka. Mkono ulionawa haumwui kijidudu sugu ndani ya mgonjwa, lakini wakatisha safari yake, na kijidudu kisichosafiri hakina haja ya kutafutiwa dawa. Mahali pasipo maji ya kutosha, Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ya dawa ya mikono iwezayo kuchanganywa hospitalini penyewe kwa spiriti, gliserini, maji yaliyochemshwa na kitu kidogo cha kuua mbegu za vijidudu.

Nasi wageni wa wagonjwa tunalo letu, na hapa nitakawia kidogo, maana jambo hili laigusa adabu yetu. Mtu wetu akilazwa, twaenda. Twaenda jamaa kumi na wawili, na majirani, na wazee wa kanisa, na chakula katika vyombo, na tukiingia wodini hatumpiti mgonjwa mwingine bila kumpa mkono na kumwuliza, "Umeamkaje?" hata kama hatumjui. Ni desturi nzuri, wala sitaki ife. Mgonjwa asiyetazamwa na mtu hufa mara mbili. Lakini mkono ule ule umetoka kwa mwenye kidonda, ukaenda kwa mama aliyejifungua, ukashika shavu la mtoto mchanga. Mgeni huketi kitandani, huweka chungu juu ya shuka, kisha ajifuta. Muuguzi akisema kitu, aitwa mkali. Je, upendo wetu umepungua nini tukinawa mlangoni tukiingia na tukitoka, tukamsalimu mgonjwa wa jirani kwa maneno, tukamwachia mtoto mchanga mama yake peke yake? Wazee wetu walimtenga mzazi siku 40, wala hawakusema hawampendi. Naona sisi tumeyasahau hayo upesi kuliko ilivyofaa.

Liko na jambo moja lililoonekana Muheza ambalo watu wachache wanalijua. Katika miaka iliyofuata 2006 malaria ilipungua katika watoto waliolazwa Hospitali Teule. Na pamoja nayo ikapungua sana aina moja ya bakteria wa damu, jamaa ya wale waletao homa ya matumbo, ambao humshambulia hasa mtoto aliyedhoofishwa na malaria na upungufu wa damu. Hivi kwamba chandarua kilichofungwa vizuri juu ya kitanda huko Muheza kilikuwa kikilinda dawa ya hospitali, ingawa aliyekifunga hakuwaza ila mbu. Chanjo vivyo hivyo. Choo cha shimo chenye kifuniko vivyo hivyo. Mto Zigi waanza katika misitu yetu ya Amani, nao ndio unyweshao mji wa Tanga. Mtu wa juu hamjui mtu wa chini, lakini amjua ya kuwa yuko.

Wakubwa nao wana sehemu yao, wala siwasamehi. Serikali yetu ilitoa mpango wake wa kwanza wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, nao umefuatwa na mwingine. Mpango ni karatasi njema; hospitali ya wilaya isiyoweza kuotesha damu yabaki gizani, hata ikiwa na karatasi tatu. Na mataifa tajiri, yaliyotumia dawa hizi kwa miaka mingi kunenepesha nguruwe na kuku, yatuhubiri sasa tuzitumie kwa uchache. Wana haki ya kusema, kwa kuwa jambo ni la wote. Lakini wakumbuke kwamba watoto wengi wa Afrika bado hufa kwa kukosa dawa ya kawaida kabisa. Hesabu iliyofanywa na wataalamu kwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba vifo 1,270,000 duniani vililetwa na bakteria sugu, na sehemu zilizoumizwa kuliko zote kwa kadiri ya watu wake zilikuwa Afrika, kusini ya Sahara. Ndiyo kusema, waliokula kidogo katika karamu ile ndio wanaoletewa hesabu kubwa.

Kijiji hakiwezi kuamuru Stockholm wala London. Lakini kila zahanati na kituo cha afya kina kamati yake, na ndani yake wamo watu wa kijiji. Kamati hizi zikikutana, mazungumzo huenda kwenye rangi ya ukuta, na uzio, na nani atakuwa mwenyekiti. Ningependa kuona kikao kimoja kikianza kwa wajumbe kuinuka, kwenda hadi chumba cha kuzalia, na kufungua bomba lililo pale. Kama maji yatoka, waulize sabuni ya mwezi huu ilinunuliwa na nani, na mwezi ujao, sanduku la serikali likichelewa, itanunuliwa kwa fedha ipi. Kama hayatoki, basi ajenda nyingine zote na zingoje.